RX-8 usiwapelekee watoto, iuze kwanza

Swali limetoka kwa msomaji wa Mafinga, nimelipunguza kidogo maana lilikuwa refu kama mabehewa ya TAZARA:

"Kamwene fundi, na shikamoo. Mimi nafanya biashara ya mbao hapa Mafinga. 2019 nilinunua Mazda RX-8 nyeusi kwa jamaa wa Dar, ya mwaka 2004, manual. Niliipenda ile spoti yake na nilivyoona cc 1,300 nikajua wese haili. Sasa hivi nina mke na watoto watatu, gari mwaka wa pili huu iko chini ya turubai, nikiwasha mara inawaka mara inagoma. Kuna makao ya watoto kule Iringa huwa nawapelekea mchele na sabuni kila Desemba, nataka niwape hii gari iwasaidie. Nimesoma kwamba Marekani ukitoa gari kwa taasisi ya misaada unapunguziwa kodi, je na huku kwetu ipo? Kadi bado ina jina la yule jamaa ila mkataba ninao. Nianzie wapi?"

Kamwene sana mdogo wangu, na marahaba.

Jibu nakupa mapema usije ukachoka kusoma katikati ukaenda kuwapelekea: hao watoto usiwape gari. Iuze, pesa ndo uwapelekee. Najua umeshajiona unaingia getini inanguruma na watoto wanakimbilia, na roho yako nzuri naiona kabisa, ila raha yote inaishia hapo getini, kinachofuata ni gharama na gharama zenyewe zinamwangukia mtu ambaye hata hela ya mboga anaomba.

Nasema hivi kwa sababu nimekaa pande zote mbili. Gereji nimefanya hapa Mbeya miaka 26, na katikati humo nimekuwa mweka hazina wa kamati ya makao ya watoto nje kidogo ya mji. Sasa mwaka 2016 mfadhili mmoja, jina lake tuliache, akatuletea Celica nyekundu ya milango miwili imefungwa utepe kwenye boneti kama keki ya sendofu. Maombi yakafanyika, watoto wakapangwa kwa urefu wakapigwa picha, soda zikagawiwa, jioni watu wakaondoka tukabaki sisi na gari. Haikupita muda mtoto mmoja akazidiwa usiku. Mama mlezi manual hajui, akaitwa kijana wa jirani aje aendeshe, kumlaza mtoto nyuma mpaka ukunje siti ya mbele umpenyeze kama unaingiza godoro dirishani, na ilikuwa mwezi wa tatu mvua zetu unazijua, wametoka mita kama mia mbili gari ikakaa tumbo kwenye tope. Yule mtoto alifika hospitali na bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mama mlezi, Celica wameiacha palepale taa zinawaka mpaka betri ikafa.

Baadaye klachi ikaisha. Nikakaa na daftari langu nikaona klachi peke yake inakula maharage ya miezi miwili, nikasema haiwezekani, tuuze. Hapo ndo tukaigeuza kadi vizuri tukakuta jina la kampuni ambayo haipo tena, mfadhili alipewa tu na mtu ambaye na yeye alipewa na mtu. Mwaka mzima na zaidi tunazunguka. Kioo cha mlango kilikuwa hakipandi, kuku wakaingia wakaanza kutaga, asubuhi watoto wanaenda kuokota mayai siti ya nyuma, na ukiniuliza mimi mweka hazina nitakwambia mayai ndo faida pekee tuliyoipata kwenye ile gari. Mwisho ilikatwakatwa ikaenda kwa watu wa chuma chakavu, kwa kilo.

Na Celica ilikuwa na nafuu maana ni Toyota. Yako ni RX-8 bana.

Hiyo cc 1,300 imewaponza wengi wala usijione mjinga. Injini yako haina pistoni, ina rota 2 za pembe tatu zinazozunguka ndani ya chemba, na kwa namna wanavyohesabu inasoma cc 1,308, kwahiyo bandarini inaingia lile kundi la ushuru la cc 1,001 mpaka 2,000 pamoja na IST na Raum, kwenye makaratasi unaona umepata bei ya mtumba. Barabarani sasa, lita moja inakupa kilomita 7 hivi ukiendesha kistaarabu, ukiendesha kama ilivyotengenezwa kuendeshwa inashuka hapo. Halafu inakula oili kwa makusudi. Sio ugonjwa, kiwandani waliiwekea pampu inayorusha oili kidogokidogo ndani ya chemba kulainisha zile sili za kwenye ncha za rota, kwahiyo ukijaza mafuta unachomoa na dipstiki kuangalia. Mwenye gari anayejua anaongeza. Pale makao nani atachomoa dipstiki? Watamwachia dereva wa kujitolea anayekuja Jumamosi, na yeye kazoea Noah ambayo oili anaiona siku ya sevisi tu. Miezi minne injini imekufa na mkoa mzima unatafuta fundi wa rota, mimi mwenyewe na umri huu nimefungua mbili tu.

Hilo la mara inawaka mara inagoma pia nalijua bila kuiona. Wewe unaiwasha ikiwa baridi, unaisogeza kutoka kwenye turubai ili watoto wacheze au uoshe, dakika moja unaizima. Injini ya rota ndo usiifanyie hivyo, petroli inabaki imejaa ndani ya chemba, plagi zinalowa, kesho yake unapiga stata mpaka betri inalia, na kwa baridi ya Mafinga ya mwezi wa sita ndo usiseme. Kuna ujanja wake: kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini kabisa, ushikilie hapohapo, piga stata kama sekunde kumi, ile inakata petroli isiingie na hewa inakausha ndani. Ukishindwa toa plagi zote nne uzikaushe. Ikiwaka iache iungurume mpaka geji ya joto ifike katikati, usiizime kabla.

Sasa Marekani. Ulichosoma ni kweli ila umesoma nusu. Kule ukitoa gari kwa taasisi iliyosajiliwa unaruhusiwa kuondoa thamani yake kwenye mapato yanayokatwa kodi, ikizidi dola 500 taasisi inakupa fomu inaitwa 1098-C unaiambatanisha na ritani yako ya kodi, yale mahesabu unayowasilisha kila mwaka. Ila zamani watu walikuwa wanatoa mkweche haujawaka miaka mitano halafu wanaandika bei ya kwenye kitabu cha bei za magari kana kwamba inatembea, serikali yao ikashtuka, kuanzia 2005 sheria ikabana: taasisi ikiiuza gari bila kuitumia, wewe unadai ile bei iliyouzwa tu, iwe imeuzwa dola 700 na wewe uliota 7,000 ni shauri yako. Bei ya soko unaruhusiwa kama taasisi yenyewe itaitumia sanasana, au ikaifanyia matengenezo makubwa, au ikampa mtu mhitaji kwa bei ya chini. Umeona hapo? Hata huko kwenye utaratibu wote huo, zile gari nyingi hazikai na mayatima, zinavutwa moja kwa moja kwenda mnadani na taasisi inapokea hela. Kwahiyo ninachokushauri si kitu kigeni, ni kilekile ila mnada unafanya wewe.

Huku kwetu upo utaratibu lakini ni mwembamba. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inakuruhusu mfanyabiashara kuondoa michango uliyotoa kwa taasisi za hisani, mwisho asilimia 2 ya mapato yako ya biashara. Tufanye mwaka huu hesabu zako zimeonyesha faida ya milioni 30. Asilimia 2 yake ni laki 6. Hata gari iwe imeuzwa milioni 8 na zote ukatoa, kinachopungua kwenye hesabu ni laki 6, na ukikatwa kwa kile kiwango cha juu cha asilimia 30, umeokoa laki na themanini. Nauli ya kwenda na kurudi Dar mara mbili na chakula cha njiani pale Ruaha Mbuyuni. Na hiyo ni kama unafunga mahesabu. Kama bado uko kwenye kodi ya makadirio ya mauzo hakuna cha kuondoa hapo, wanaangalia mauzo basi. Na taasisi yenyewe iwe imekubaliwa na Kamishna wa TRA kama taasisi ya hisani, hicho ni kibali kingine mbali na usajili wa NGO, wengi wana cheti cha NGO ukutani na hicho kingine hawajawahi kukiomba. Ukitaka kutoa toa, ila usitoe kwa ajili ya kodi maana utakuja kumlaumu mtu.

Kadi sasa, hapa nikae kidogo maana hapa ndo penye mfupa.

Mdogo wangu umekaa na gari ya mtu tangu 2019. Mkataba unao sawa, umelipa sawa, ila kwa TRA mwenye gari ni yule jamaa wa Dar. Huwezi kumpa mtu zawadi ya kitu ambacho kwenye vitabu si chako, na mnunuzi makini akiona jina sio lako atakupunguzia milioni nzima au anaondoka. Kwahiyo kabla hujamtangazia mtu yeyote, mtafute jamaa. Mpigie leo. Umwombee yuko hai na ana moyo mzuri, kwa sababu akiwa amefariki unaingia kwenye mirathi, mpaka familia ikae kikao, msimamizi ateuliwe na mahakama ndo aje akusainie, nimeona watu wanapotezea hapo miaka. Akipatikana mnahamisha, yeye na wewe wote muwe na TIN, ile namba ya mlipakodi, mkataba wa mauziano umegongwa muhuri wa mwanasheria, kadi original, vitambulisho, unalipia ada ya uhamisho na kadi mpya na ushuru wa stempu unaotokana na thamani ya gari. Watu watakwambia ruka, mwandike mnunuzi mpya moja kwa moja kutoka kwa jamaa, unaokoa ada. Inawezekana akikubali kusaini, ila sasa pesa ya mauzo itasomeka ameuza yeye sio wewe, na wewe unataka siku moja uonyeshe kwamba ni mali yako uliyotoa. Mimi ningehamisha kwanza.

Ukiwa hapo angalia madeni ya namba. Faini za trafiki zinakaa kwenye namba ya gari, maegesho ya TARURA hivyohivyo, na gari ya Dar ya namba D inaweza kuwa imebeba ya mwenye mwanzo ambayo wewe hata hujui. Road licence isikutie presha, ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta.

Kuuza. Mteja wa RX-8 hayuko Mafinga, Iringa mjini labda kijana mmoja wa chuo ambaye hela hana. Mteja yuko Dar na ni mtu anayeijua, anataka namba moja tu kutoka kwako, kompresheni, yaani injini inabana hewa kwa nguvu kiasi gani. Kipimo cha kawaida cha pistoni kwenye rota hakisemi ukweli wote kwa sababu kila rota ina nyuso tatu na chenyewe kinakusomea ule uso mzuri kuliko yote, mbovu unajificha. Kuna kipimo chake maalumu, ila kwa kuanzia fundi yeyote anaweza kutoa plagi ya chini, akaweka kile cha kawaida akiwa amechomoa kijiti chake cha kuzuia pumzi, akapiga stata nawe usikilize: pumzi zitoke tatu tatu zinalingana, pu pu pu, pu pu pu. Ukisikia pu pu kimya, pu pu kimya, sili imekwenda hapo. Dalili nyingine, inawaka vizuri ikiwa baridi ila ukiizima imepata moto ukarudi baada ya dakika kumi inakataa. Na akipimia huku akumbuke tuko juu, Mbeya ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu na kipimo chenyewe kinasoma chini, isije ikahukumiwa imechoka kumbe imepanda mlima. Mwambie mteja ukweli wote, akikuta tofauti atakurudishia maneno.

Kama injini imekufa uza hivyohivyo kwa anayetaka spea. Giaboksi ya manual, rimu, taa, siti, milango, vina watu wake, mara nyingine ukiuza vipande unapata zaidi ya ukiuza nzima ila unauza mwaka mzima na mke atakuuliza kila siku hiyo bodi inaondoka lini.

Kuiendesha mpaka Dar sahau. Gari imekaa miaka miwili, breki zimeshika kutu, petroli imeoza, mipira ya rejeta haijui joto, halafu uiteremshe Kitonga katikati ya malori ya Kongo na Zambia? Wewe si una fuso linapeleka mbao kila wiki, safari moja lisipakie mbao. Tafuta sehemu yenye tuta lililo sawa na bodi la fuso maana bampa ya mbele ya hiyo kitu iko chini, kwenye mbao mbili za mteremko utaivunja. Wewe mbao nzuri unazo tatizo ni ule mwinuko.

Pesa ikipatikana iende kwenye akaunti ya benki ya makao yenyewe, sio kwenye simu ya mkurugenzi hata kama ni mchungaji na unamwamini, upewe risiti yenye mhuri. Kabla ya hapo waombe wakuonyeshe leseni, makao ya watoto yanatakiwa yawe nayo kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, ukipita ofisi ya ustawi wa jamii pale halmashauri watakwambia kama wanawajua na wanaendaje. Usione aibu kuuliza, kamati zinazojielewa zinafurahi mtu akiuliza, sisi ilikuwa tukiulizwa tunatoa mpaka daftari la maharage. Na kaa na mlezi mkuu umwulize nini kinamnyima usingizi, usimpangie. Inawezekana kabisa akakwambia ni usafiri, na kwa milioni 8 kuna mtu anaachia Noah iliyochoka kidogo au Hiace, hapo wapeni ile, spea ziko kila kona na dereva yeyote anaiweza, ila tengeni na hela ya bima na matairi ya mwaka mmoja, gari bila hiyo ni kuwapa Celica nyingine. Au atakwambia vitanda. Watoto wawili wawili kitanda kimoja nimeona sana. Wewe ni mtu wa mbao bwana, dabodeka kumi kwako ni kitu gani, mbao unachagua mwenyewe fundi unamlipa kwa hela ya gari, na bado inabaki.

Ukishindwa kabisa, wao wenyewe wamesema wanaitaka hiyohiyo RX-8 waiuze, basi mwite mwenyekiti na mweka hazina, kamati ikae iandike muhtasari kwamba imekubali na ni kwa ajili ya kuuza, andika hati ya zawadi kwa mwanasheria, kadi ihamie kwenye jina la taasisi kwa TIN ya taasisi siku hiyohiyo, nakala ubaki nayo. Kuipeleka ikiwa na jina lako ni hatari kwako pia, dereva wao akigonga mtu atakayetafutwa kwanza ni mwenye kadi.

Wikiendi hii fanya mawili tu. Moja mpigie jamaa wa Dar. La pili fungua boneti kabla hujagusa ufunguo, uangalie panya, hapo kwenu mahindi yakiingia stoo wanahamia kwenye magari yaliyolala na wanapenda nyaya. Fungua na boksi la chujio la hewa, mara nyingi ndo wanajenga humo. Ukikuta vinyesi usiwashe, nipigie picha unitumie nione wamekula waya upi.